Tecno na Infinix: Ugomvi wa Mashabiki, Mfuko Mmoja

Jumamosi moja mchana nilikaa kwenye benchi la fundi simu, jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu walikuwa vijana wawili, wanafunzi wa chuo kwa jinsi walivyokuwa wakizungumza. Mmoja alikuwa na Infinix iliyomponyoka akiwa kwenye bodaboda, kioo kikapasuka. Mwenzake alikuwa na Tecno ambayo tundu la chaji lilikuwa limejaa vumbi letu hili jekundu mpaka waya haushiki. Kama ilivyo desturi ya benchi la fundi, kusubiri kukazaa ubishi. Wa Infinix akasema Tecno ni simu za wazee. Wa Tecno akamjibu kwamba kwao, kuanzia baba mpaka mdogo wake wa mwisho, ni Tecno tupu na hawajawahi kujuta, na kwamba anayenunua Infinix ananunua rangi ya mfuniko.

Fundi hakuingilia. Aliipuliza moja kwa hewa ya moto, akabandua mfuniko, akafanya hivyohivyo kwa ya pili, akazilaza zote mbili kifudifudi kwenye mkeka wa mpira. Ndipo akawaita. "Wadogo zangu, hebu sogeeni." Akaweka ncha ya bisibisi kwenye betri ya Infinix, akaihamishia kwenye betri ya Tecno. Maandishi ya betri zote mbili yalianza na herufi BL. "Hawa ni mtu na ndugu yake. Baba yao mmoja." Yule wa Infinix akacheka, akidhani anataniwa. Wa Tecno ndiye aliyekasirika hasa. Aliniangalia mimi, mtu mzima pale, kama vile ananiomba nimkanushe fundi.

Sikuweza kumkanusha, maana fundi alisema kweli tupu. Tecno, Infinix na itel ni mali ya kampuni moja, Transsion, yenye makao Shenzhen, China. Ilianzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa mauzo wa kampuni nyingine ya simu ya huko, Ningbo Bird. Mwaka 2008 iliamua kuelekeza nguvu zake Afrika. Infinix ilizaliwa 2013. Mwaka 2019 kampuni mama iliingia kwenye soko la hisa la Shanghai. China kwenyewe simu zake karibu hazionekani madukani, lakini kwa Afrika imekuwa kinara wa mauzo kwa miaka mingi. Ukipeleka Tecno kwenye huduma rasmi baada ya mauzo unaipeleka Carlcare, na ukipeleka Infinix unaipeleka Carlcare ileile. Hata chaja ya Oraimo ambayo wale vijana wangeweza kuazimana ni ya familia hiyohiyo.

Ubishi ule umenikaa kichwani kwa muda mrefu, kwa sababu naamini unatugusa kuliko tunavyodhani. Uaminifu wetu kwa chapa za teknolojia una asili mbili. Upo uliochumwa kwa jasho, kampuni ilipokuja ikatutazama, ikatutengenezea kitu kinachotufaa. Na upo uliopatikana kwa kufunga mlango: mtu yupo palepale kwa sababu kutoka kunamgharimu. Kampuni huzihesabu asili zote mbili kwenye daftari moja na kuziita wateja waaminifu. Sisi nasi, kwa ushabiki, tunashindwa kuzitenganisha, na hapo ndipo tunapoumia.

Nianze na ule uliochumwa, maana haki yake lazima isemwe. Wakati Transsion inaingia Afrika, soko lilikuwa la Nokia na Samsung. Yeyote aliyekuwa na simu miaka ile anakumbuka adha ya kufungua mfuniko, kutoa betri, kuchomoa laini moja na kuchomeka nyingine ili tu umpigie mtu wa mtandao mwingine bila kumaliza vocha. Laini ya pili ilikuwa inakaa kwenye pochi, imefungwa kwa karatasi. Tecno ilileta simu ya laini mbili tangu mwaka 2007, wakati wakubwa wengi hawaioni haja hiyo. Apple iliweka uwezo wa laini mbili kwenye iPhone mwaka 2018. Kuna muongo mzima katikati. Halafu wakaja na betri inayodumu kwa watu ambao umeme wao si wa uhakika, na kamera zilizorekebishwa zitambue ngozi nyeusi, ili picha ya harusi iliyopigwa jioni isionyeshe meno na shela tu.

Hayo si mambo madogo. Baba wa yule kijana aliyenunua Tecno ya kwanza hakudanganywa na tangazo. Aliona simu inayomfaa, akainunua, ikamtumikia, akanunua nyingine. Huo ni uaminifu wa mtu mwenye akili timamu, na kampuni iliyoupata iliustahili.

Lakini mtoto wake hakurithi sababu za baba. Alirithi jina. Na kampuni mama inalijua hilo vizuri, ndiyo maana ina majina matatu na si moja: itel kwa anayetaka kitochi au simu janja ya bei ya chini kabisa, Tecno kwa familia na wenye biashara, Infinix kwa vijana wanaotaka muonekano na gemu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Viwanda vya sabuni na vya soda vimefanya hivyo miaka na miaka. Ninachotaka kijana wa chuo akijue ni kwamba akiikimbia Tecno kwa hasira na kununua Infinix, hajamwadhibu mtu. Fedha imetoka mfuko wa kushoto imeingia wa kulia.

Watu hupenda kulinganisha ushabiki huu na Simba na Yanga. Mimi ulinganisho huo siukubali. Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya 1936, na tangu hapo mmoja akishinda, mwingine kweli ameshindwa. Watu wanalala na njaa kwa huzuni, wengine wanaingia mtaani na vuvuzela. Timu zile zina wanachama, zina mikutano mikuu, na shabiki anaweza kusimama akamuuliza kiongozi hela za usajili zimekwenda wapi. Utani wenyewe wa jadi una undugu ndani yake: mtani wako akifiwa unakwenda kumzika. Ushabiki wa simu hauna hata kimoja katika hivyo. Huna kadi ya uanachama wala kura, na siku simu yako ikifa utakuwa peke yako na fundi.

Kwa wenye kipato kikubwa kidogo, ubishi unahamia kwenye iPhone na Samsung. Tangu wizara zihamie kwetu na Mji wa Serikali ujengwe Mtumba, mabishano haya nimeyasikia sana kwenye foleni za chakula cha mchana. Simu ya macho matatu ikiwekwa mezani inasema kitu kuhusu aliyeiweka, au angalau mwenyewe anaamini inasema. Wapo wanaonunua iliyotumika kutoka Dubai kwa fedha ambayo wangepata Samsung mpya kabisa, na wanajua hivyo, na bado wananunua. Siwalaumu. Heshima nayo ni matumizi, kama suti. Ila ningependa wajue wenye kampuni wenyewe wanaishije.

Aprili 2011 Apple iliishtaki Samsung kwa kuiga iPhone. Agosti 2012 baraza la wazee wa mahakama huko San Jose, California, liliamuru Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni 1. Kesi ikazunguka, kiasi kikapunguzwa, ikasikilizwa upya, mpaka pande mbili zikamalizana Juni 2018. Miaka saba ya vita, na dunia nzima ikagawanyika kambi mbili. Katikati ya vita hiyohiyo, mwaka 2017, Apple ilitoa iPhone X, na kioo chake, kile chenye rangi kali kilichowafanya watu wapange foleni, kilitengenezwa na Samsung. Hata iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na prosesa iliyotoka kiwanda cha Samsung. Kwa hiyo aliyenunua iPhone X ili kuwakomoa watu wa Samsung aliilipa Samsung.

Au chukua suala la chaja. Oktoba 2020 Apple iliuza iPhone 12 bila kichwa cha chaja ndani ya boksi. Kurasa za Samsung zikaweka picha ya chaja zikijisifu kwamba wao wanakupa. Januari 2021 Galaxy S21 ikatoka, haina kichwa cha chaja, na yale matangazo ya kejeli yakawa yamefutwa. Mashabiki waliokuwa wameshatukanana kwa miezi mitatu wakabaki wote wawili wananunua chaja dukani.

Wengi wanaijua pia ile ya Apple na Microsoft, wapinzani wa tangu enzi za kompyuta za mezani, walioshtakiana mwaka 1988. Agosti 1997, Apple ikiwa hoi kifedha, Steve Jobs alisimama mbele ya mashabiki wake mjini Boston akatangaza kwamba Microsoft inawekeza dola milioni 150 kwenye Apple. Uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft, ulipotokea kwenye skrini kubwa nyuma yake, ukumbi ukazomea. Wenye kampuni walikuwa wameshapatana. Waliobaki vitani ni waliokaa kwenye viti. Na leo, kwa mujibu wa nyaraka zilizotolewa mahakamani Marekani, Google, mwenye Android, ililipa Apple dola bilioni 20 kwa mwaka 2022 pekee ili iwe injini ya kutafutia kwenye iPhone. Android na iPhone, mahasimu wa meza za chakula cha mchana Mtumba, wana biashara ya pamoja inayolipa kuliko ugomvi wao.

Sisemi ushindani ni uongo. Upo, na ni mkali, na umetupatia simu nzuri kwa bei ambayo miaka 15 iliyopita hatukuiota. Ninachosema ni kwamba mstari wa ushindani haupiti pale mashabiki wanapouchora. Unapita mlangoni, kwenye ugumu au urahisi wa mteja kutoka.

Ugumu huo wa kutoka haukutokea kwa bahati. Katika kesi ya kampuni ya gemu, Epic Games, dhidi ya Apple, mwaka 2021, zililetwa mahakamani barua pepe za ndani za wakuu wa Apple. Walikuwa wamejadili kama wapeleke huduma yao ya ujumbe, iMessage, kwenye simu za Android. Mmoja wao aliandika kwamba kufanya hivyo kungeondoa kikwazo kwa familia zenye iPhone kuwanunulia watoto wao Android. Yaani walikaa, wakautazama mlango, wakaamua ubaki umefungwa.

Hapa kwetu iMessage haina uzito, sisi ni watu wa WhatsApp. Lakini mlango wetu ulikuwa palepale. Kwa miaka mingi ukitoka iPhone kwenda Android, au kinyume chake, mazungumzo yako ya WhatsApp hayakuhama nawe. Sauti ya marehemu mama aliyokutumia asubuhi kabla hajalazwa, risiti za mchango wa harusi, makubaliano ya kiwanja kule Nala: vyote vinabaki kwenye simu ya zamani. Njia rasmi ya kuhamisha kutoka iPhone kwenda Samsung ilifunguliwa mwaka 2021, na ya kutoka Android kwenda iPhone mwaka 2022. Ninawajua watu waliokaa na simu mbovu kwa mwaka mzima kwa ajili ya kumbukumbu hizo. Mbele ya takwimu za kampuni, watu hao walikuwa wateja waaminifu.

Kwa mtu wa Dodoma kuna mlango mwingine, nao ni droo ya fundi. Siku ile, vijana walipoondoka, nilimuuliza fundi yeye angemshauri mtu anunue simu gani. Hakutaja kamera wala prosesa. Alivuta droo ya kwanza: vioo vimepangwa kama vitabu, kila kimoja na nailoni yake na jina la modeli kwa kalamu ya wino mzito. Akavuta ya pili: tundu za chaja, spika, betri. "Modeli iliyomo humu, ikiharibika asubuhi, mchana unayo mkononi. Isiyokuwemo naagiza Kariakoo." Kariakoo maana yake ni kumpigia mtu, kumtumia hela, kusubiri mzigo upande basi au treni ya mwendokasi, na kuomba Mungu kioo kisije kimepasuka au kikawa si chenyewe. Kwa mwenye duka la wakala wa fedha au mwalimu anayepokea ratiba kwenye kundi, siku tatu bila simu si usumbufu, ni hasara.

Ndiyo maana naona swali la mama wa kijijini anayeuliza "kioo chake kinapatikana?" ni la kitaalamu kuliko hotuba nzima ya uzinduzi wa simu mpya. Na kampuni inayojaza droo ya fundi Majengo, Kibaigwa na Manyoni imechuma uaminifu wake. Inayotengeneza simu ambayo vipuri vyake vinapatikana kwake tu, kwa bei yake tu, inafunga mlango, hata kama tangazo lake linapendeza.

Ukitaka kuuona mlango waziwazi zaidi, tazama laini zetu. Shangazi yangu anaishi kijiji kimoja wilaya ya Mpwapwa. Kwa miaka mingi simu yake ilikuwa inakaa kwenye mfuko wa nailoni, umetundikwa kwenye msumari wa fremu ya dirisha la mashariki, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulikuwa unashika. Akitaka kuongea kwa muda mrefu anatoka mpaka kwenye mbuyu. Nikimpigia, salamu ya kwanza baada ya "Shikamoo shangazi" ni "Ngoja nisogee." Mtandao anaoutumia hakuuchagua. Uliuchagua mnara. Ukienda kijiji chochote cha Kongwa, Bahi au Chamwino, swali la mgeni si mtandao gani mzuri, ni "Huku kunashika laini gani?" Halotel, ya Viettel ya Vietnam, ilipoingia mwaka 2015 ilijipatia watu wengi vijijini kwa sababu hiyohiyo: ilifika. Mei 2023, hapahapa Dodoma, serikali na kampuni za simu zilisaini mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713. Kwa maoni yangu mnara wa pili kijijini una faida kwa mwananchi kuliko matangazo yote ya ushindani ya mwaka mzima, maana ndio unaompa shangazi kitu cha kuchagua.

Mlango wa laini umefunguliwa kwa hatua, na kila hatua ilihitaji mtu wa kusukuma. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Machi 2017 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianzisha huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Halafu ikashusha gharama ambazo kampuni hulipana simu inapotoka mtandao mmoja kwenda mwingine: kutoka shilingi 15.6 kwa dakika mwaka 2018, ikapungua kila mwaka hadi shilingi 2 mwaka 2022. Leo unanunua kifurushi cha mitandao yote bila kufikiri. Wale tuliokuwa tunabeba laini nne tunajua thamani yake.

Hata hivyo, wangapi unawajua waliohama na namba yao? Mimi nimewauliza watu wengi, nimepata wawili. Namba inahama, lakini si namba peke yake inayomfunga mtu. Mama lishe wa Sabasaba ana kikomo chake cha kukopa kwenye simu, alichokijenga kwa miaka minne ya kukopa elfu kumi na kurudisha, kukopa elfu ishirini na kurudisha. Akihama, anaanza moja. Wateja wake wameshaizoea namba yake ya kulipia iliyobandikwa kwenye sufuria la chapati. Kikundi chao cha kuweka na kukopa kinakusanya kupitia mtandao mmoja. Nyuzi hizi ndogondogo, kila moja ukiitazama ni huduma nzuri, lakini zikisukwa pamoja zinakuwa kamba.

Tulipata jaribio zuri la jambo hili bila kukusudia. Novemba 2024 Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Jina lililokuwa midomoni mwa watu kwa miaka mingi likaondoka, mabango yakabadilika rangi barabara nzima. Kama uaminifu ungekuwa wa jina, mawakala wangebaki wanapiga miayo. Sivyo nilivyoona mimi. Watu waliendelea kutuma, kutoa na kukopa, na mpaka leo wengi wanasema "nitumie kwa Tigo Pesa." Walichokuwa wameshikamana nacho ni namba zao, salio lao, na watu wanaowatumia fedha.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Mdogo wangu anaendesha bodaboda, kijiwe chake kiko Nkuhungu. Mwaka jana alichukua simu janja kwa mkopo kutoka kampuni moja ya simu za mkopo: unatoa kianzio, halafu unalipa kidogokidogo kila siku, usipolipa simu inajifunga yenyewe. Kwa kweli mpango huu umewafikisha kwenye simu janja watu ambao benki isingewapa hata fomu, na simu hiyo ndiyo iliyomwezesha kupata abiria wa kudumu wanaompigia asubuhi. Alilipa vizuri miezi mitano.

Siku moja alilipa kama kawaida, ujumbe wa muamala ukarudi kwamba fedha imepokelewa, na saa nne usiku simu ikajifunga. Kioo kizima kikawa maandishi ya kumtaka alipe. Hakuweza kupiga wala kufungua majina yake. Alikuja kwangu asubuhi na ile simu mkononi, ameishika kama mtu aliyeshika kitu kilichokufa. Tulipiga huduma kwa wateja kwa simu yangu. Tukaambiwa tusubiri. Tukatuma picha ya muamala. Tukaambiwa tusubiri. Simu ilifunguka siku ya tatu, bila maelezo na bila kusogezewa siku alizopoteza. Katika siku hizo mwalimu mmoja, abiria wake wa kila asubuhi, alishatafuta bodaboda mwingine, na hajarudi.

Nilimwambia akimaliza deni aachane na watu hao. Alinitazama kama mtu anayemhurumia asiyejua maisha. "Kaka, rekodi yangu iko kwao. Nikienda kwingine nitaanza na kisimu kidogo na kianzio kikubwa. Hapa nikimaliza wananipandisha." Ana haki. Miezi yote ya kulipa kwa wakati, jasho lake la juani na kwenye mavumbi, imegeuka kuwa mali ya aliyemkopesha. Yeye hawezi kuichukua akaenda nayo dukani pengine.

Hapa ndipo ningetaka wabunge wanaokutana hapa mjini, na Benki Kuu, TCRA na Tume ya Ushindani, waweke nguvu zao. Kumbukumbu ya malipo ya mkopaji mdogo iwe yake, aweze kuibeba kutoka kampuni moja kwenda nyingine kama anavyobeba namba yake. Simu ya mkopo ikifungwa, kupiga na kupokea kubaki wazi, maana mtu asiyeweza kupigiwa hawezi kutafuta hela ya kulipa deni. Na mwenye kampuni akifunga simu ya aliyelipa, afidie siku hizo.

Najua watasema soko litajirekebisha lenyewe. Soko halikurekebisha waya wa iPhone. Kwa zaidi ya miaka 10 Apple ilikuwa na tundu lake, na mashabiki walibishana weee kuhusu tundu gani bora. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu zinazouzwa kwao zitumie tundu moja, USB-C, kuanzia Desemba 2024. Septemba 2023 iPhone 15 ikatoka na tundu hilo, kwa dunia nzima. Leo mtu wa iPhone mpya akikwama stendi ya Nanenane anaweza kumwomba chaja aliyekaa naye mwenye Samsung au Tecno, na simu inaingia moto. Ubishi wa muongo mzima ulimalizwa na watu waliokaa wakaandika kifungu cha sheria.

Sheria zetu tunaziandika hapahapa, mwendo mfupi wa daladala kutoka kijiwe cha mdogo wangu. Marejesho yake yanakwisha mwezi ujao. Juzi alinionyesha picha ya simu anayotaka kuchukua baada ya hapo, kamera kubwa zaidi na betri kubwa zaidi. Ni ya kampuni ileile.